Ndege ya kujijengea baada ya kustaafu, Mwanza: alumini ya riveti au mabomba na kitambaa?

Seti ya ndege huja ndani ya kasha la mbao. Mna karibu kila kipande, isipokuwa injini, propela, vifaa vya dashibodi na rangi. Wengi huchagua seti kwa picha na kwa mwendo ulioandikwa na kiwanda. Kwa mtu wa miaka 60 anayejengea uani kwake Buswelu au Nyegezi, hayo mawili ndiyo ya mwisho kuangaliwa. La kwanza ni hili: umekosea saa tisa alasiri, umeme umekatika, fundi wa karibu anajua boti na malori, je, unaweza kulirekebisha kosa hilo mwenyewe kwa vitu ulivyonavyo? Ulinganisho huu umejengwa juu ya swali hilo.

Tunalinganisha ndege za viti viwili zinazoweza kubeba injini ya Rotax 912. Upande wa alumini zipo Zenith CH 750 STOL na Van's RV-12 za Marekani, na Sling 2 ya Afrika Kusini. Upande wa mabomba na kitambaa zipo Kitfox Series 7 ya Marekani na BushCat ya Afrika Kusini. Faibaglasi na mbao tutazigusa kwa ufupi, na sababu zake zitaonekana.

Barua kabla ya amana

Usilipe amana kabla ya kuiandikia TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Taja aina ya ndege, kiwanda, injini, na mahali utakapojengea, kisha omba jibu la maandishi kwa mambo manne: masharti ya kupata usajili wa Tanzania, ule unaoanza na 5H, kwa ndege ya kujijengea, nani atakagua kazi na katika hatua zipi, kumbukumbu na picha zipi zitadaiwa, na majaribio ya kuruka yatafanyika wapi na kwa saa ngapi. Viwanda vingi vimepanga seti zao kwa sheria ya Marekani inayotaka mjenzi afanye zaidi ya nusu ya kazi mwenyewe, na kule majaribio ni saa 25 au 40 kutegemea injini na propela. Ukikuta seti "ya haraka" ambayo mabawa yake yameshafungwa kiwandani, ujue imepimwa isivuke mstari huo. Wewe unapaswa kujua mstari wa hapa nyumbani uko wapi.

Na daktari wa anga aje kabla ya kasha. Kwa leseni ya rubani binafsi, mwongozo wa kimataifa unapendekeza cheti cha afya cha daraja la pili kipimwe upya kila miezi 12 kwa mtu aliyevuka miaka 50. Ni heri kujua habari za macho, sukari na presha wakati mkupuo bado uko benki.

Hewa ya Mwanza ni nyepesi

Watu wa hapa husahau kwamba tunaishi juu, kwa kuwa mbele yetu kuna maji. Kiwanja cha ndege cha Mwanza kiko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 30 hewa yake ina wepesi wa hewa ya mita 1,950 hivi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, hivyo Rotax 912 ULS ya nguvu farasi 100 itakupa kama 80. Propela nayo inashika hewa nyepesi, bawa vilevile. Mbio za kuruka zilizoandikwa kwa usawa wa bahari zitaongezeka kwa zaidi ya nusu, na kupanda kutapungua sana.

Kwa hiyo uzito ndio adui. CH 750 STOL ina uzito mtupu wa kama kilo 350 na kikomo cha uzito wa kuruka cha kilo 653. Ukitoa lita 91 za petroli, ambazo ni kilo 65, watu na mizigo wanabakiwa na kilo 238 hivi. RV-12 ina kikomo cha kilo 600 na uzito mtupu wa kama kilo 340. Ukijaza tangi lake la lita 75, zinabaki kilo 206. Kitfox Series 7 ina kikomo cha kilo 703, na hapo ndipo inapowapita wenzake. Hesabu hizo ni za ndege iliyojengwa kwa nidhamu. Koti mbili za ziada za rangi, zulia, na redio ya pili vinaweza kula kilo 15 kabla hujagundua.

Alumini: kugonga au kuvuta

Si kila ndege ya alumini ni kazi ileile. Ndege kama RV-7, RV-9 na RV-14 hufungwa kwa riveti ngumu za kugonga. Mmoja anashika nyundo ya upepo upande wa kichwa, mwingine anakandamiza kipande cha chuma kwa nyuma, na mkia wa riveti unatanuka. Riveti ya milimita 3.2 ikigongwa sawasawa, mkia wake unafikia upana wa milimita 4.8 na kimo cha milimita 1.6. Ikizidi, metali imechoka, ikipungua, haijashika. Chuma kikiteleza, bati linabaki na kovu la umbo la mwezi mwandamo. Ukiichimbua riveti mbovu kwa drili, tundu huwa mviringo wa yai na riveti ya ukubwa uleule haifai tena. Kazi hii inataka watu wawili, kompresa yenye pumzi, na majirani wavumilivu. Ni ufundi mzuri, lakini mjukuu wa kushika chuma hatakuwapo kila siku. Mstaafu anayejenga peke yake tunamshauri aiache.

CH 750, Sling 2 na RV-12 kwa sehemu kubwa hutumia riveti za kuvuta. Unaingiza riveti upande mmoja, mashine inavuta msumari wake, msumari unakatika, kazi imekwisha. Mtu mmoja anatosha. Mashine ya upepo inaokoa vidole vyenye baridi yabisi, na umeme ukikatika ya mkono inaendeleza kazi. Hilo peke yake linaiweka alumini ya kuvuta mbele kwa Mwanza.

Hatua zenyewe hazibadiliki kutoka bawa hadi mkia. Panga bati juu ya mbavu na ulishike kwa kleko, zile pini za springi: za rangi ya shaba kwa tundu la milimita 3.2, nyeusi kwa tundu la milimita 4. Uwe nazo 200 hadi 300. Pungufu ya hapo utakuwa unahamisha pini badala ya kujenga. Toboa kwa ukubwa wa mwisho, milimita 3.3 na 4.1. Kisha fungua kila kitu. Hapa ndipo wenye haraka huharibu: wanariveti bila kufungua. Vumbi la drili na ndimi kali za matundu hubaki katikati ya mabati mawili, riveti inaonekana imekaza, kumbe mabati hayajagusana. Baada ya saa 100 za mtikisiko utaona masizi meusi kuzunguka kichwa cha riveti, na hiyo ni dalili kwamba inacheza. Fungua, kwangua ndimi pande zote mbili, paka praima sehemu zinazolaliana, rudisha, ndipo uvute.

Zenith wana jambo lao: riveti zao huja na kichwa bapa, na pua ya mashine imechongwa shimo ili kukiumba kichwa kiwe cha duara wakati wa kuvuta. Ukitumia pua ya kawaida ya dukani, kichwa kinabaki bapa na hakikai walivyokusudia waliochora ndege. Agiza pua mbili za akiba.

Kosa kubwa zaidi ni la meza. Kwa CH 750 jenga meza ya mita 1.2 kwa 3.7, juu yake mbao za plaiwudi nene, iliyosawazishwa kwa pima maji katika urefu, upana na mishazari. Bawa likirivetiwa likiwa limejikunja, mkunjo huo umefungiwa humo milele, na ndege itavuta upande mmoja maisha yake yote. Pima meza kila wiki. Sakafu ya udongo wa uani hutitia wakati wa masika, hivyo miguu ya meza ikae juu ya zege.

Kwa kutu, alumini za seti hizi zinatofautiana. Zenith wanatumia hasa 6061-T6, ambayo yenyewe inavumilia unyevu. Alumini ya 2024-T3, inayopendwa na Van's, ina nguvu zaidi, ila inalindwa na ngozi nyembamba ya alumini safi. Mkwaruzo wa msumari huitoboa ngozi hiyo. Kwa aina zote mbili, adui wa kwanza hapa ni ile plastiki nyembamba au karatasi inayokuja juu ya bati. Ikishika unyevu wa Machi hadi Mei inaacha michirizi ya kutu kama nyuzi za buibui. Mabati yasimame wima, yasigusane, na plastiki itolewe mapema.

Tangi la mafuta pia lina neno lake. CH 750 huja na matangi yaliyochomelewa tayari. RV-12, na Sling ya seti ya kawaida, unayaziba mwenyewe kwa gundi nzito ya sehemu mbili. Gundi iliyoandikwa kuwa inafaa kutumika kwa saa mbili hupimwa kwa nyuzi 25. Kwa nyuzi 30 na unyevu wa ziwa, muda huo unaweza kupungua hadi kama nusu. Changanya kidogo kidogo kwa mizani ya gramu, fanya kazi alfajiri, na usijaribu kuokoa gundi iliyoanza kuvuta nyuzi. Tangi linalovuja hulijui mpaka ulijaribu kwa upepo mdogo na maji ya sabuni, na kuliziba upya kunachosha kuliko kulijenga.

Ukihitaji kiraka baadaye, alumini ni rahisi: kata eneo bovu, weka bati la aina na unene uleule, riveti zilezile. Bati la masufuria au la paa haliwezi kuchukua nafasi hiyo hata likifanana kwa macho, maana haijulikani limetiwa moto namna gani.

Mabomba na kitambaa

Watu huogopa Kitfox wakidhani watalazimika kuchomelea. Hapana. Fremu ya mabomba ya chuma cha 4130 inakuja imeshachomelewa kiwandani. Kazi yako ni kufunga mabawa, nyaya, vidhibiti, halafu kuivika ndege nguo ya poliesta. Mwili unaanza kuonekana ndege siku ya kwanza, na jambo hilo humpa mtu moyo kuliko tunavyokiri.

Faida yake kubwa kwa mkazi wa Mwanza ni mabawa yanayokunjwa nyuma kando ya mwili. Ndege yenye upana wa karibu mita 9.75 hugeuka kuwa mzigo wa tela wa karibu mita 2.5. Mtu asiye na banda uwanjani anaweza kuilaza nyumbani, chini ya paa, mbali na jua. RV-12 nayo mabawa yake huchomolewa, lakini hutaka watu wawili na mahali salama pa kuyalaza. CH 750 na Sling, ukishaziunganisha, zihesabu kuwa za banda.

Ugumu upo kwenye nguo na rangi yake. Nguo inagundishwa kwenye fremu, kisha inanyooshwa kwa pasi. Katika mfumo wa kuvika nguo wa Poly-Fiber pasi inapita mara tatu: nyuzi 107 kuondoa mikunjo, nyuzi 121 kukaza mara ya kwanza, nyuzi 177 kukaza mwisho. Namba kwenye kitasa cha pasi ya nyumbani haiaminiki hata kidogo. Pima uso wa pasi kwa kipimajoto kabla ya kugusa nguo, tena kila baada ya nusu saa. Ukipitisha nyuzi 177, nyuzi za poliesta zinalegea na hazirudi; unabandua kipande kizima. Ukikaza upande mmoja sana kabla ya mwingine, usukani wa mkia unapinda.

Baada ya pasi, nguo inashikwa kwenye mbavu kwa uzi au kwa viriveti kama mwongozo unavyosema. Usipunguze idadi yake hata nguo ikionekana imekaa. Juu ya mabawa hewa inaivuta nguo kwenda juu, haisukumi.

Kisha vinakuja vimiminika vitatu: kimoja cha kujaza nyuzi, kimoja chenye unga wa alumini wa kuzuia jua, na rangi. Cha katikati ndicho uhai wa ndege hapa. Tuko chini ya nyuzi 3 kutoka mstari wa Ikweta, na jua la saa sita huila poliesta tupu kwa miezi, si kwa miaka. Jaribu hivi: ingiza taa ndani ya bawa usiku, ukiona mwanga unapenya, koti hazijatosha.

Rangi hizi hukauka kwa kupoteza kiyeyushi, na kiyeyushi kikikimbia upesi kinaupoza uso wa nguo, umande unashuka juu yake, na rangi inakuwa na ukungu mweupe. Kwa hiyo siku ya mvua ya vuli si siku ya kupulizia. Saa nzuri ni kati ya saa nne na saa sita asubuhi, umande ukiisha na upepo wa ziwani haujaanza kubeba vumbi. Jioni usiguse bunduki ya rangi kabisa. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, hufuata taa, na usiku mmoja tu wanaweza kujaa juu ya bawa zima lenye rangi mbichi. Kuwatoa ni msasa na kuanza upya.

Kuna pia afya ya mjenzi. Kiyeyushi cha rangi hizi kikali, na rangi za polyurethane za sehemu mbili ni hatari zaidi: hazizuiwi na barakoa ya kawaida, zinadai hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje ya chumba. Mwenye pumu au mapafu yaliyochoka achague mfumo wa rangi ya maji, kama wa Stewart, au aiache Kitfox. Tena makopo haya husafirishwa kama mizigo ya hatari, kwa hati tofauti na gharama tofauti na kasha la ndege. Wengi hukwama miezi hapo: ndege ipo, rangi haipo.

BushCat inakwepa yote hayo. Ni mabomba ya alumini yaliyofungwa kwa bolti, na juu yake huvikwa soksi za kitambaa cha tanga zilizoshonwa tayari. Hakuna pasi, hakuna rangi. Ni ya haraka kuliko zote humu kujenga, na kiwanda kiko Afrika Kusini. Unalipa kwa mwendo mdogo, na kwa kitambaa kitakachohitaji kubadilishwa kizima jua likishakila. Kwa mzee anayetaka kuruka zaidi ya kujenga, tunaiona chaguo la heshima kabisa.

Kitambaa kikichanika, kiraka ni kazi ya mchana mmoja. Lakini panya hupenda kuzaa ndani ya mkia wa nguo, na mkojo wao hula chuma. Ziba kila tundu kubwa kuliko kidole.

Faibaglasi na mbao

Mwanza ina mafundi hodari wa boti za faibaglasi, na wengi watakuambia kazi ni ileile. Kazi inafanana, resini siyo. Boti hutumia poliesta. Ndege za faibaglasi hutumia epoksi, na zile zinazochongwa kwa povu la poliestirini zitayeyuka mbele ya macho yako ukizipaka resini ya boti. Epoksi nayo ikikauka penye unyevu hutoa utando wa mafuta juu. Usipouosha na kuupiga msasa, tabaka linalofuata halishiki. Kosa la ndani halionekani kwa jicho. Hiyo ndiyo sababu hatuishauri hapa kwa ndege ya kwanza, ingawa ndizo nzuri kuliko zote kwa umbo.

Mbao: mchwa, kuvu, na kishawishi cha kutumia mninga badala ya sprusi. Mninga ni mzito mno kwa boriti ya bawa. Tuishie hapo.

Injini inunuliwe mwisho

Rotax 912 ULS inadai petroli ya RON 95 au zaidi; RON ni kipimo cha petroli kuhimili kubanwa bila kujilipukia. 912 UL ya nguvu farasi 80 inaridhika na 90. Muulize msambazaji cheti cha shehena, usisome tu namba iliyoandikwa kwenye pampu. Vinasaba, ile kemikali ya alama inayowekwa kwenye mafuta, vinasaidia kugundua mafuta yaliyochanganywa na ya taa, lakini havikuambii RON. Chuja kila lita kwa faneli inayozuia maji, na pima ethanoli: weka maji kidogo kwenye chupa nyembamba, piga alama, ongeza petroli, tikisa, acha itulie. Maji yakionekana yameongezeka, ethanoli imo.

Ukilazimika kutumia petroli ya ndege ya 100LL, madini yake ya risasi hujaa kwenye oili na gia. Badilisha oili kila saa 50 badala ya 100, au mapema zaidi.

Mipira yote ya injini hii, ya mafuta, ya maji na ya oili, hubadilishwa kila miaka 5 hata ikiwa injini haijawashwa. Anayenunua injini pamoja na mkia analipia muda unaopita kwenye kabati. Dashibodi ya skrini vilevile: nunua ukiwa umebakiza miezi sita. Kwa anayetaka kubeba watu wawili wakubwa mchana kweupe, injini ya turbo, 914 au 915 iS, hushikilia nguvu zake katika mwinuko wetu, ila inaongeza uzito, joto na bei, na si kila seti kati ya hizi inaikubali.

Ziwa

Kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 180. RV-12 au Sling itachukua dakika 50 na kidogo, CH 750 kama saa moja na robo. Tofauti ni dakika 20. Hizo ndizo dakika watu wanazolipia kwa kuacha bawa linaloruka kutoka kiwanja kifupi cha nyasi.

Injini ikizima, hata hivyo, hesabu inageuka. Slati (vibawa vya ukingo wa mbele wa bawa) na matairi makubwa ya CH 750 huifanya iteleze hewani vibaya. Ndege inayoteleza moja kwa saba, ikiwa mita 1,000 juu ya maji, inafika kilomita 7. Inayoteleza moja kwa kumi, kilomita 10. Zote mbili hazifiki pwani ukiwa katikati ya ziwa. Pita kando ya visiwa, Kome na Rubondo, uvae jaketi la kuokoa ambalo hujazwa ukishatoka nje, kamwe si ndani. Ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa ina tabia ya kupinduka ikigusa maji, kwa hiyo mlango ufunguliwe kabla ya kugusa.

Floti, yale maboya ya kutulia majini, zinavutia kila anayeliona ziwa. Magugu maji, nyavu za wavuvi, na uzito wa floti katika hewa hii nyepesi vinatosha kuziondoa kwenye ndege ya kwanza.

Bawa la juu linakupa kivuli, na unaingia kama kwenye gari. Kwenye Sling na RV-12 unapanda juu ya bawa na kujishusha chini ya kuba la plastiki, ambalo likiegeshwa juani saa saba mchana ni tanuri. Goti baya lijaribiwe kwanza, ikiwezekana kwenye ndege halisi.

Fedha, bandari na saa za kazi

Bei ya seti si bei ya ndege. Injini, propela, vifaa, rangi na usafiri kwa pamoja kwa kawaida huizidi bei ya seti. Amana nayo ina hatari yake: Desemba 2023 Van's Aircraft iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na ingawa iliendelea na kazi, wenye oda za zamani walitakiwa kukubali bei mpya. Nunua kwa sehemu, mkia, kisha mabawa, kisha mwili, hata kama usafiri wa mara tatu unagharimu zaidi. Sling na BushCat zina faida ya safari fupi ya meli kutoka Durban hadi Dar es Salaam na simu za saa karibu sawa na zetu. Sling 2 imeshathibitisha uvumilivu wake: mwaka 2009 Mike Blyth na James Pitman waliizungusha dunia.

Mwambie wakala wa forodha aandike sehemu za ndege, kwa orodha ya kiwanda, asiandike "bidhaa za alumini". Kasha liwe na muhuri wa ISPM 15 kwenye mbao, unaoonyesha zimetibiwa dhidi ya wadudu. Likifika, hesabu kila kipande ndani ya muda wa madai ulioandikwa kwenye hati, hadi riveti, kwa kupima uzito wa mifuko.

Kwa anayeanza, weka saa 1,000 kwa alumini ya kuvuta au Kitfox. Ukifanya saa 15 kwa wiki ni wiki 67. Ongeza misiba, mvua, na kipande kilichokosekana, sema miaka miwili. Bolti na nati ni za seti tu. Bolti ndogo ya AN3 inakazwa newtoni mita 2.3 hadi 2.8, nguvu ya vidole viwili kwenye spana fupi, na mkono uliozoea malori huikata. Toki renchi ndogo inunuliwe kabla ya drili.

Anza na mkia

Kama una banda au uwanja wa mita 10 wenye paa, mikono inayopenda kupima, na unataka kurekebisha kila kitu mwenyewe, chukua CH 750. Kama utavuka ziwa mara kwa mara na goti ni zima, Sling 2. Kama ndege lazima ilale nyumbani na mapafu yako ni salama, Kitfox. Kama hutaki miaka miwili ya kujenga, BushCat.

Hata hivyo agiza usukani wa mkia tu kwanza, popote kiwanda kinapouuza peke yake. Ujenge mpaka mwisho, bila kuruka hatua. Kisha uulaze mezani: je, umenyooka ndani ya milimita mbili kutoka pembe hadi pembe? Riveti ngapi umelazimika kutoa? Ulipokosea, ulijua kwa nini? Mgongo uliuma kiasi gani, na je, kesho yake asubuhi ulitaka kurudi kwenye meza? Ukiona majibu hayakupendezi, umepoteza fedha za mkia. Ukiona yanakupendeza, upime uzito, uandike namba hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari la ndege, na uagize mabawa.